Maji na Umeme Nyumbani (2): Kusuuza Ndiko Kunakomaliza Maji

Baada ya jikoni, leo tuhamie uani penye mabeseni. Mtu akiambiwa abane maji ya kufulia, kwa kawaida hupunguza yale ya kulowekea na kufikichia, ambayo tangu hapo si mengi. Beseni moja la maji ya sabuni hufua mikupuo miwili hata mitatu, ukianza na nguo nyeupe na kumalizia na za kazi. Ndoo zinazomalizika ni za kusuuzia, na idadi yake huamuliwa na mambo yaliyotangulia: sabuni ilitiwa kiasi gani, na nguo zilikamuliwa vipi.

Tupige hesabu. Nguo zimetoka kwenye povu, zimekamuliwa, zimebaki na lita 2 za maji ya sabuni. Ukizitia katika lita 10 za maji safi, sabuni iliyokuwa kwenye lita 2 inatawanyika kwenye lita 12. Ukikamua tena kama mwanzo, inabaki moja ya sita yake. Lakini ukizigawa lita zilezile 10 mara mbili, tano kwa tano, na kukamua katikati, inabaki takriban moja ya kumi na mbili. Maji hayakuongezeka hata kikombe, na sabuni iliyobaki imepungua kwa nusu. Sasa chukua nguo zilezile zikiwa zimeminywa juujuu tu, zina lita 4. Ili ufikie ile moja ya sita kwa kusuuza mara moja, utahitaji lita 20, yaani dumu zima badala ya nusu. Kwa familia inayonunua maji kwa dumu, nguvu za mikono wakati wa kukamua zina thamani ya fedha taslimu. Shuka na jinzi zikamuliwe na watu wawili, kila mmoja ameshika upande wake.

Kuhusu sabuni, wapo watakaosema kwamba pasipo povu jingi nguo haitakati. Hoja hii ina chembe ya ukweli: povu likifa kabisa katikati ya kufua, huenda sabuni imezidiwa na uchafu. Ila povu lenyewe halifui. Chembe ya sabuni ina upande unaopenda maji na upande unaoshika mafuta, na huo ndio unaobandua uchafu. Sabuni za mashine hutengenezwa makusudi zisitoe povu jingi, na zinafua vizuri. Kiasi kikishatosha, chembe za ziada hukusanyana zenyewe majini, na faida yake kwa nguo ni ndogo mno kuliko maji utakayomwaga kuziondoa. Penye kisima cha maji ya chumvi mambo hubadilika. Kalsiamu na magnesi zilizomo hushikana na sabuni ya mche na kufanya utando mweupe unaoganda kwenye nguo, kwa hiyo hapo afadhali sabuni ya unga, iliyowekewa viungo vya kuyadhibiti madini hayo.

Kuna pia wanaoamini kwamba bila maji ya moto hakuna usafi. Kupasha lita 20 kutoka nyuzijoto 25 hadi 60 hula umeme wa takriban uniti 0.8, kabla hata nguo moja haijaguswa. Kwa nguo za mgonjwa na nepi za mtoto anayeharisha, gharama hiyo ni halali na isikwepwe. Kwa shati lenye jasho na vumbi haina sababu, hasa Pwani ambako maji ya bomba hutoka yakiwa na uvuguvugu. Vimeng'enya, ambavyo Mjerumani Otto Röhm alivitia katika bidhaa ya kufulia mwaka 1913, siku hizi vimo katika sabuni nyingi za unga, na vingi hufanya kazi vizuri katika uvuguvugu huku maji yanayochemka yakiviharibu. Doa la damu nalo likimwagiwa maji ya moto huganda kwenye uzi. Liloweke kwanza kwenye maji baridi, ndipo utie sabuni.