Amana Huhitaji Mlinzi: Funzo la Mgogoro wa Fedha wa 2008

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya 2008, wakopeshaji nchini Marekani walitoa mikopo ya nyumba bila kuchunguza vyema uwezo wa wakopaji kulipa, kisha wakaiuza kwa wawekezaji. Kwa kuwa hasara ingemwangukia mwingine, mkopeshaji hakuona haja ya kujihadhari. Bei za nyumba ziliposhuka, mikopo haikulipika, na tarehe 15 Septemba 2008 benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers ikafilisika.

Ukuta ulijengwa 2010 kwa sheria ya Dodd-Frank, iliyoziwekea masharti makali benki zenye rasilimali za kuanzia dola bilioni 50. Hata hivyo, mnamo 2018 kiwango hicho kilipandishwa hadi bilioni 250. Silicon Valley Bank, yenye takriban bilioni 209 mwishoni mwa 2022, ikaanguka Machi 2023. Ripoti ya Benki Kuu ya Marekani iliwalaumu wakuu wa benki hiyo, lakini pia ikakiri kwamba kulegezwa kwa kanuni kulidhoofisha ukaguzi.

Ni kweli kwamba kanuni huongeza gharama. Lakini benki kubwa ianguKapo, hulipa hata yule asiyewahi kukopa. Katika Kiswahili, fedha iwekwayo benki huitwa amana, yaani kitu alichokabidhiwa mtu akitunze. Amana huhitaji mlinzi, hasa wakati ambapo watu wamekwisha kumsahau mwizi.