Amri ya Tiba Inamfunga Nani?

Januari 3, 1999, katika kituo cha treni za chini ya ardhi cha Mtaa wa 23 mjini New York, Kendra Webdale, mwanamke wa miaka 32, alisukumwa relini na mtu asiyemjua, treni ikiwa inaingia. Alikufa. Aliyemsukuma alikuwa ameugua skizofrenia kwa miaka mingi na alikuwa ameacha dawa. Agosti mwaka huohuo gavana George Pataki alitia saini sheria inayoitwa mpaka leo Sheria ya Kendra. Inamruhusu jaji kumwamuru mgonjwa mkali wa akili atibiwe huku akiendelea kuishi kwake, bila kulazwa.

Tatizo lililolengwa linajulikana na kila familia yenye mgonjwa wa aina hii. Mtu anazidiwa, anapelekwa hospitali, anapata nafuu kwa dawa, anaruhusiwa. Akifika nyumbani anajiona amepona, au anachoshwa na madhara ya dawa: kunenepa, kutetemeka mikono, usingizi wa mchana kutwa. Anaziacha. Haupiti muda mrefu sauti anazozisikia kichwani zinarudi, na safari ya hospitali inaanza upya. Wengi hawafanyi hivyo kwa ukaidi. Ugonjwa wenyewe umewaziba macho wasiuone. Anayeamini kwamba jirani anamtilia sumu kwenye maji haoni sababu ya kumeza kidonge. Kwake yeye, wa kushughulikiwa ni jirani.

Jinsi amri inavyopatikana inastahili kuelezwa, kwa sababu wengi hudhani ni rahisi. Ombi linaweza kupelekwa na mzazi, mume au mke, ndugu aliye mtu mzima, daktari au mkuu wa hospitali. Mgonjwa awe ametimiza miaka 18. Iwepo pia historia ya kuacha tiba kiasi cha kumfanya alazwe angalau mara 2 ndani ya miezi 36, au afanye vurugu ama atishie kuzifanya ndani ya miezi 48. Daktari awe amemchunguza ndani ya siku 10 kabla ya ombi, kisha atoe ushahidi mbele ya jaji. Mgonjwa ana haki ya wakili bila malipo. Mezani huwekwa mpango wa tiba ulioandikwa: dawa gani, kwa kidonge au kwa sindano ya kila mwezi, nani atamfuatilia, na kama ana tatizo la ulevi, atasaidiwa vipi. Sheria inataka mgonjwa mwenyewe apewe nafasi ya kushiriki kuuandaa.

Na akikataa kuufuata? Hafungwi, hatozwi faini, wala amri hiyo haimpi mtu ruhusa ya kumkamata na kumchoma sindano kwa nguvu. Daktari anaweza kuagiza apelekwe hospitali achunguzwe kwa muda usiozidi saa 72. Kama hali yake haitimizi masharti ya kulazwa, anaachiwa. Mwaka 2004 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York iliikubali sheria hii, na hoja mojawapo ilikuwa hiyohiyo: amri haimlazimishi mtu kumeza dawa kwa mabavu.

Kama amri haina meno, nguvu yake inatoka wapi? Utafiti unatoa majibu yanayoonekana kupingana. Kabla ya Sheria ya Kendra lilifanyika jaribio katika Hospitali ya Bellevue, New York. Makundi mawili yalipewa huduma bora zilezile, moja likiongezewa amri ya mahakama. Haikuonekana tofauti ya maana. Uingereza, ambako amri za namna hii hutolewa na madaktari, utafiti wa wagonjwa 336 uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta asilimia 36 ya kila kundi walirudi kulazwa ndani ya mwaka mmoja, wenye amri na wasio nayo. Profesa Tom Burns, aliyeuongoza, alikuwa ameziunga mkono amri hizo. Alipoona matokeo alibadili msimamo hadharani.

Lakini tathmini ya New York ya mwaka 2009, iliyoongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, ilikuta wenye amri wakilazwa mara chache zaidi, hasa amri ilipodumu kupita miezi sita. Tathmini hii haikugawa watu kwa bahati nasibu kama zile nyingine, hivyo uzito wake una mipaka. Pamoja na hayo, New York ilitoa fedha. Kila mwaka ilitengwa dola milioni 32 kwa mpango wenyewe na zaidi ya milioni 120 kwa huduma za akili katika jamii, na wenye amri walitangulizwa kwenye foleni.

Nikiyaweka matokeo haya pamoja, naona yanapatana. Pale ambapo watu wote wanapata huduma nzuri, amri haiongezi mengi. Pale ambapo huduma ni adimu, karatasi ya jaji inamfungulia mgonjwa mlango. Inamfunga yeye, lakini inaifunga pia serikali: imtafutie mhudumu, imtembelee, isimsahau. Nina hakika kazi kubwa hufanywa na kifungo hiki cha pili.

Gharama ya kupunguziwa uhuru nayo haigawanywi sawa. New York na Uingereza, watu weusi wako chini ya amri hizi kwa kiwango kinachozidi sana idadi yao katika jamii. Shuruti huwafikia kwanza wanaotegemea huduma za umma, ambao mara nyingi hawakuwahi kupewa huduma ya hiari iliyo bora.

Habari za yule aliyemsukuma Kendra zinasema mengi. Katika miaka miwili kabla ya mkasa alikwenda hospitali mwenyewe mara nyingi, akilalamikia sauti, akiomba kulazwa. Makazi yenye uangalizi aliyohitaji hayakupatikana. Nafasi zilikuwa zimejaa. Mara kadhaa aliacha dawa, ni kweli, lakini mara nyingi pia aliomba tiba na kurudishwa mtaani.

Kwa hiyo mbunge anayetaka kuiga sheria hii aanze na bajeti: wahudumu wangapi wapo, vitanda vingapi, nyumba ngapi. Amri inaweza kumsaidia yule ambaye ugonjwa umemziba macho, na sioni haki ya kumwacha aangamie kwa jina la uhuru. Ila nchi haina uso wa kumlazimisha anayekataa tiba wakati anayeiomba inamrudisha mlangoni.