Usinunue betri mpya kabla ya kupima umeme wa gari

MAGARI mengi yanayoingizwa nchini kupitia Mombasa huwa yametumika kwa miaka kadhaa ng'ambo, na yanapokataa kuwaka asubuhi, lawama huangukia betri.

Hata hivyo, kosa huenda liko kwingine. Mwenye gari anaweza kubaini ukweli akiwa nyumbani kwa kutumia kipima-umeme cha bei nafuu.

Kwanza, akague vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani na nati zilizolegea huzuia umeme kupita.

Pili, apime betri asubuhi kabla ya kuwasha gari. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6, ikiwa chini ya 12, imeishiwa umeme.

Tatu, awashe injini na kupima tena. Katika magari mengi, kiwango hupanda hadi kati ya volti 13.8 na 14.5. Kisipopanda, alteneta, mkanda wake au nyaya ndizo za kushukiwa.

Kikipanda, achaji betri, azime injini na kuitenganisha betri na gari usiku kucha. Ikishuka sana hata hivyo, betri ndiyo mbovu. Isiposhuka, huenda kuna kifaa kinachoinyonya, kama vile taa ya buti au king'ora kilichofungwa vibaya.

Mwiko ni mmoja: kung'oa waya wa betri injini ikinguruma ili kujaribu alteneta, jinsi wafanyavyo baadhi ya mafundi. Umeme waweza kupanda ghafla na kuunguza kompyuta ya gari, hasara inayoweza kuzidi bei ya betri.