Hesabu Mizani kwa Mdomo, si kwa Macho

Sisi wa Terrat twapita mara nyingi karibu na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid pale Arusha mjini, wala hatukumbuki kwamba mwenye jina hilo alikuwa mshairi. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kingali chamfaa kila atungaye shairi la arusi au la matanga.

Tazama mishororo hii miwili niliyoitunga kwa mfano:

Mvua imefika Meru, imetufuta machozi;
Mungu tunamshukuru, mbegu zapata mizizi.

Kila mshororo una mizani 16: nane katika ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na nane katika utao. Kina cha kati ni "ru", cha mwisho ni "zi".

Penye taabu ni herufi "m". Katika "mvua" imeshikamana na "v". Mdomo watamka mvu-a, mizani mbili tu. Katika "tunamshukuru" yasimama peke yake: tu-na-m-shu-ku-ru, mizani sita. Iondoe, useme "tunashukuru", na waimbaji watavuta sauti kuziba pengo, wazee wakitazamana.

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na mabishano yakawa makali. Mimi simlaumu, hayo ni ya kusomwa kitabuni. Lakini bibi asiyejua kusoma hulishika shairi kwa vina: akisahau "mizizi", "machozi" humkumbusha.