Njia ya Kuingia Soko la Nje Huamua Faida ya Msafirishaji

Kampuni inayotaka kuuza parachichi za Njombe nje ya nchi haina budi kuamua mapema njia ya kuingia sokoni, kwa kuwa kila njia ina gharama na hatari zake.

Kuuza kupitia wakala huhitaji mtaji mdogo, lakini mahusiano na wateja hubaki mikononi mwake. Ubia na kampuni ya huko hugawa gharama na faida; mkataba usipoandikwa kwa umakini, migogoro hufuata. Kufungua tawi hutoa udhibiti kamili, ila hasara yote hubebwa na kampuni yenyewe.

Kwa anayeanza, soko la Jumuiya ya Afrika Mashariki ni hatua nyepesi. Bidhaa zinazokidhi vigezo vya uasili hazitozwi ushuru wa forodha, na mzigo wenye thamani isiyozidi Dola za Marekani 2,000, ukiwa katika orodha iliyokubaliwa, hutumia cheti cha uasili kilichorahisishwa.

Njia yoyote itakayochaguliwa, cheti cha afya ya mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) ni cha lazima. Mkataba nao ueleze bayana nani atabeba hasara mzigo ukichelewa, kwa kuwa parachichi iliyokwama bandarini huoza kabla ya malipo kufika.