Jokofu la chanjo na hesabu ya biashara

Toka Voi uende Kasigau kwenye jua la saa saba uone barafu itakaa muda gani ndani ya kikasha cha chanjo. Chanjo nyingi za watoto zinatakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Joto likizidi, nguvu yake hupungua, na mama aliyepanda boda na mwanawe hurudi nyumbani bila kuhudumiwa.

Tatizo hilo ndilo lililomshughulisha Norah Magero, mhandisi wa mitambo hapa Kenya. Alibuni VacciBox, jokofu dogo la lita 40 linalotumia umeme wa jua, ambalo laweza kufungwa kwenye baiskeli, pikipiki au mashua. Mwaka 2022 alishinda kwalo Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, pauni 25,000, kutoka Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Mimi kilichonivutia zaidi si jokofu. Kabla ya mshindi kutangazwa, wabunifu 16 walipewa mafunzo ya biashara kwa miezi minane. Uhandisi utakufundisha kukipoza kitu. Zahanati italipa kwa mkupuo au kidogo kidogo? Kikiharibika kule Sagalla, fundi atatoka wapi? Hayo yana darasa lake, na binti anayesomea uhandisi Chuo Kikuu cha Taita Taveta asingoje kuhitimu ndipo alitafute.

Na kaunti nayo, kabla ya kununua mtambo wowote wa hospitali, ianze na lile swali la fundi.