Taa Zikififia Njiani: Tutafute Kosa Kabla ya Kumtafuta Mkosaji



Wengi wetu tunapelekwa kazini na kurudishwa nyumbani kwa magari ya zamani ya kuvuta magurudumu manne: Land Rover na Land Cruiser zilizokwisha kuzeeka. Hapa Burundi jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima. Tena msimu wa kahawa ukifika, kazi huendelea usiku, maana kahawa iliyochumwa leo haifai kungoja hadi kesho bila kumenywa. Kwa hiyo taa za gari si pambo. Ni chombo cha kazi, na uhai wetu unazitegemea.

Msimu mmoja tuliitwa Muyinga kwa shauri la dereva wa kiwanda cha kuosha kahawa. Alikuwa akiwapeleka wenzetu Gitega usiku, mvua inanyesha. Walipokaribia Karuzi taa zikafifia zikawa kama kibatari. Dereva akasimamisha gari kando ya njia, akakataa kuendelea. Wakalala humo garini hadi alfajiri. Kulipokucha msimamizi akasema dereva ndiye aliyeharibu taa: alipe globu mbili na betri mpya, na fedha hizo zikatwe katika mshahara wake.

Vitu vikanunuliwa, vikafungwa. Taa zikabaki vile vile.

Hapo ndipo tulipouliza swali letu: kama kosa lilikuwa la globu na betri, mbona giza halikuondoka? Tukaomba gari lipelekwe kwa fundi wa umeme mjini Gitega, nasi tukasimama pale tukiangalia. Tuliyojifunza siku ile yanamfaa kila dereva, na kila anayepanda nyuma ya gari.

UMEME HUENDA NA HURUDI

Fundi alianza na jambo dogo. Umeme hutoka kwenye betri, hupita fyuzi, swichi na globu, kisha ni lazima urudi kwenye betri. Njia ya kurudi ni bodi ya gari lenyewe. Mafundi wengi wa kwetu huiita masi. Watu huangalia njia ya kwenda, wakasahau ya kurudi. Na katika gari kuukuu, lililopigwa na mvua na vumbi miaka mingi, kutu hukaa zaidi pale waya wa masi unapofungwa kwa bolti kwenye bati.

Aliwasha injini na taa, akapima betri kwa mita: volti 13.8. Betri haikuwa na kosa. Akapima kwenye globu, taa zikiwaka: volti 10.9. Karibu volti 3 zilikuwa zimepotea njiani. Tusidhani kuwa ni kidogo. Umeme ukipungua sehemu moja katika kumi, mwanga hupungua karibu sehemu tatu katika kumi. Kwa upungufu ule, dereva wetu alikuwa akiendesha kwa mwanga usiofika nusu.

Zilipotea wapi? Akapima upande wa kwenda, kutoka betri hadi globu: volti 0.2 tu. Akapima upande wa kurudi, kutoka globu hadi betri: volti 2.7. Akaufuata waya huo hadi chini ya dashibodi, upande ambao maji ya mvua yalikuwa yakivuja. Bolti ya masi ilikuwa imeliwa na kutu. Akaifungua, akasugua kwa msasa mpaka bati likang'aa, akapaka grisi, akakaza. Taa zikawaka kama mchana. Hakununua hata kitu kimoja.

Fundi akatuonya jambo jingine. Katika Land Cruiser nyingi za zamani, kama zile za mfululizo wa 60 na wa 70, swichi haikati umeme unaokwenda kwenye taa kubwa. Hukata ule unaorudi. Ndiyo maana mwenye taa ya kupimia akiigusa globu huona umeme pande zote mbili hata taa zikiwa zimezimwa, akachanganyikiwa, akaanza kubadili vitu ovyo. Land Rover za zamani si hivyo: swichi yake iko upande wa kwenda. Basi tulijue gari kabla ya kulifungua.

UTARATIBU WA KUFUATA

Kwanza, angalia ni taa zipi zenye kosa. Ikiwa ni moja tu, tazama globu yake, soketi yake na masi yake. Zikiwa zote za mbele, tazama fyuzi, swichi na masi ya pamoja. Mwanga wa mbali ukiwapo na wa karibu haupo, au kinyume chake, shuku swichi ya kubadilishia.

Pili, ukikanyaga breki na taa ndogo ya nyuma ikafifia, au indiketa ikiwaka na taa nyingine ikapepesa pamoja nayo, shuku masi ya nyuma. Umeme umekosa njia yake, unarudi kupitia globu ya jirani.

Tatu, pima taa zikiwa zimewashwa. Waya mbovu huonyesha volti kamili kama haufanyi kazi. Hujulikana ukibebeshwa mzigo.

Nne, fyuzi ikikatika mara kwa mara, usiweke msumari wala karatasi ya sigara. Globu mbili za wati 55 huvuta karibu ampea 9. Waya ukigusana na bati, huvuta mara nyingi zaidi, na gari huweza kuungua na watu ndani. Funga globu ya volti 12 mahali pa fyuzi, kwa gari la betri ya volti 12. Iking'aa sana, chomoa waya za taa moja moja. Ile itakayoifanya ififie au izime, kosa liko kwenye njia hiyo.

HAKI YETU

Tulirudi Muyinga na vipimo vya fundi vimeandikwa kwenye karatasi. Hatukwenda kwa matusi, tulikwenda na tarakimu. Msimamizi akasoma, akanyamaza, na mwisho wa mwezi dereva akarudishiwa fedha zake zote.

Tukumbuke pia kwamba dereva yule alifanya vema kusimama. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa mahali pa kazi kwa kuwa na sababu ya haki ya kuamini kwamba pana hatari kubwa na ya karibu kwa maisha yake, alindwe asipate madhara kwa kitendo hicho. Kutu ya bolti si kosa la anayeshika usukani. Ni matunzo ya gari, na gari ni la mwajiri.

Kwa hiyo, ndugu, kila jioni kabla ya kuondoka, mmoja asimame mbele na mmoja nyuma, dereva awashe taa zote. Ni kazi ya dakika mbili. Kosa likionekana, liandikwe na tarehe yake, na nakala apewe mjumbe wa chama. Siku ya shauri, karatasi hiyo ndiyo itakayotusemea.